Domeni sita, seva moja: futa huo mstari wa @ kabla hujagusa MX

Mkuu, swali lako la webmail (kusoma barua kwenye kivinjari) na RAM ya seva liweke pembeni kwanza. Umesema domeni 6 za wateja unazipandisha kwenye VPS moja (seva ya kukodi) yenye Postfix, inayopokea na kutuma barua, na Dovecot, inayomfungulia mteja sanduku lake, na barua zote za kila domeni ziende Gmail ya mwenye duka kwa mstari mmoja wa virtual_alias_maps (orodha ya kuelekeza anwani moja kwenda nyingine; @ bila jina mbele ni anwani yoyote ya domeni):

@duka.example mwenyeduka@gmail.com

Futa kabla hujabadilisha MX (rekodi ya DNS inayosema barua za domeni zipelekwe seva gani). Sasa hivi, chai utakunywa baadaye.

Huo mstari unameza hata masanduku uliyoyafungua mwenyewe. Postfix hupitia alias kabla haijafika virtual_mailbox_maps (orodha ya masanduku halisi), ikikosa info@duka.example kwenye alias, inadaka @duka.example. Sanduku la info lipo, nenosiri linakubali, ndani hamna hata barua moja. Utakesha kwenye log za Dovecot ukitafuta mchawi, kumbe yuko Postfix. (Ndiyo, nimekesha. Cheka tu.) Unaweza kuandika "info@duka.example info@duka.example" ili kila sanduku lijielekeze lenyewe, lakini hapo unaziba ufa na ukuta ushaanguka.

Maana domeni yenye mstari wa @ haina anwani isiyokuwepo. Watuma spamu hubahatisha: admin@, sales@, juma@, asdf@. Bila huo mstari Postfix inawakatalia mlangoni kwa 550 5.1.1 (anwani haipo), na biashara imeisha. Ukiuweka, inapokea yote, halafu wewe ndiye unayeyabeba hadi Google kwa IP yako. Google inachokiona ni IP yako inamwaga takataka. SPF ya mtumaji (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yake) haikutaji, inafeli.

Hapo atatokea mtu akwambie "weka postsrsd". Ndiyo, inaandika upya anwani ya bahasha (ya mtumaji, ile seva zinayoambiana) iwe ya domeni yako na SPF inapita, ila sasa ile spamu imebeba jina lako. DMARC nayo (kanuni ya kukagua jina la mtumaji), ili iihesabu SPF, inataka domeni ya bahasha ilingane na ya From, hailingani tena, kwa hiyo unabaki unaitegemea DKIM ya mtumaji (sahihi ya kidijitali ndani ya barua) peke yake. Kichujio chako kikibandika mstari mmoja wa "imekaguliwa virusi" chini ya barua, DKIM hiyo imekufa.

Kinachofuata ni Gmail kukujibu kwa 421 4.7 (jaribu baadaye), foleni inavimba (tazama postqueue -p), na kwa mpangilio wa kawaida baada ya siku 5 Postfix inawarudishia "watumaji", ambao wengi anwani zao zilighushiwa na hawajawahi kukuandikia. IP ni moja! Mteja wa domeni ya sita, ambaye hajafowadi chochote, ankara zake zinaangukia spamu, na simu ya saa mbili asubuhi inakuja kwako. Haiendi kwa wale jamaa wa video za "imeli ya kampuni bure kwa dakika kumi". Wao wanaonyesha barua moja ya majaribio ikifika, wanapiga makofi, wanaomba subscribe. Wiki ya tatu haimo kwenye video.

Barua ikiingia kwenye seva yako, iishie hapo hapo. Mteja kang'ang'ania Gmail? Programu ya Gmail ya Android inakubali akaunti ya IMAP (kusoma barua zikiwa kwenye seva yako): kupokea 993, kutuma 465, zote SSL/TLS, jina la mtumiaji ni anwani nzima. Anasoma mle mle alikozoea na hakuna kilichofowadiwa.

PTR (rekodi inayotaja jina la IP) ni moja tu, ya jina la seva, na huiweka anayekupa IP, si aliyekuuzia domeni. MX zote 6 zielekeze kwenye jina hilo hilo. SPF na DKIM ndizo za kila domeni.

Ukimaliza, endesha postmap (amri inayoandaa faili lisomwe na Postfix) tena kwenye faili la alias, kisha uliza kama mstari wa @ bado upo:

postmap -q "@duka.example" hash:/etc/postfix/virtual

Rudia kwa zote sita. Ikikaa kimya mara sita, badilisha MX. Ikijibu hata mara moja, usiguse kitu.