Jibu: Nimwambie daktari kuhusu kitunguu saumu cha mama?

Dada, umesema mama anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kila asubuhi anakunywa maji ya kitunguu saumu, nawe unaogopa daktari atamgombeza. Mwambie, tena usingoje kliniki ijayo. Kitunguu saumu kingi pamoja na warfarini kinaweza kumfanya atokwe na damu kwa urahisi.

Mimi ni muuguzi hapa Nairobi na hofu yako naielewa. Chuoni tulipitishwa juu juu kwenye miti shamba, ndiyo maana wengi wetu tukisikia mwarobaini tunakunja uso badala ya kuuliza mgonjwa anakunywa kiasi gani. Nilimwona nyanya mmoja akisukuma chupa ya soda, imejaa dawa ya kahawia, chini ya leso daktari alipoingia. Iliniuma sana, maana chupa hiyo ndiyo tulihitaji kuiona. Na dharau hiyo haina msingi: artemisinini, dawa ya malaria, imetoka kwenye mmea wa tiba ya Kichina, na Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyeigundua, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Sema ni punje ngapi za kitunguu saumu kwa siku, uombe apimwe INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda. Warfarini asiiache mwenyewe. Fizi zikitoa damu au choo kikiwa cheusi, hospitali siku hiyo hiyo.