Klabu ya lishe ipo, mabango yapo, watoto bado wanashindia mandazi: anza na daftari la michango

Mkuu umeuliza kwa nini shule yenu ina klabu ya lishe na mabango ya mboga na matunda kila darasa ila watoto bado wanashindia andazi na ubuyu wa rangi, na kama dawa ni kuwafukuza wale mama wanaouza vitu hivyo getini. Mimi niko kamati ya shule huku Chamwino, Dodoma, nakwambia waache kwanza wale mama, kaangalie daftari la michango ya chakula.

Elimu bila ada imeanza 2016 sawa, lakini chakula cha mchana wanachangia wazazi, huku kwetu ni mahindi na maharage, na asiyetoa mtoto wake hali. Kengele ikilia wenye bakuli wanapanga foleni kwa mpishi, wengine wanaenda bombani wanajaza tumbo maji halafu wanakaa nyuma ya darasa mpaka wenzao wamalize. Huyo umfundishe makundi ya chakula mchana huo huo? Anajua maharage ni mazuri, hana! Akishika mia mbili ananunua andazi, linamshikilia mpaka jioni.

Kilichotusaidia ni kubadilisha msimu wa kuchangisha. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, Januari shule zinafunguliwa ghala jeupe, ukidai debe muda huo unamdai mtu ambaye hata yeye hajui jioni atakula nini. Tukahamishia Juni na Julai watu wakishavuna, tukapokea na mtama na uwele maana mvua ikikatika mahindi ndio yanaanza kufa. Kaya zisizo na kitu mwenyekiti wa kitongoji anazijua, hizo zinaleta kuni au mlenda mkavu, zikishindwa hazidaiwi, na mtoto anakula sufuria ile ile, foleni ile ile, jina halisomwi mbele ya wenzake. Hapo palikuwa na ubishi jamani, kuna wazazi walisema wanalishia watoto wa wavivu na mpaka leo wapo wanaosema hivyo, lakini mtoto hajachagua kwa kuzaliwa.

Baada ya hapo ndio klabu ikapata cha kufundisha. Uji wa mtama unawekewa unga wa ubuyu wenyewe, huu wa mbuyuni sio wa rangi, vitamini C yake inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mtama, na mtoto anaelewa kwa sababu kikombe kiko mkononi.

Wale mama wengi ni wazazi wa hapo hapo shuleni, kaeni nao wauze karanga na viazi vya kuchemsha. Ila kwenye mkutano wa wazazi ajenda ya kwanza iwe msimu wa kuchangia, ya pili wasio na uwezo, mabango baadaye.