Nataka kuhamia kwenye Hiace, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa sola, nafunga taa na pampu za kumwagilia. Nina miaka 33, sijaoa. Nimepanga chumba Mafinga, ila kwa mwezi nakilalia siku nane au tisa tu. Siku zingine niko Makambako, Njombe, Igawa au Uyole, nalala gesti. Sasa nimepata Hiace ya dizeli, ile ndefu, iliyokuwa daladala Mbeya. Nataka nitoe viti, niweke kitanda, jiko na kabati, nikirudishe chumba, nihamie humo moja kwa moja. Umeme haunisumbui. Ninachouliza ni mbao: nianze na sakafu au kuta? Na baridi ya mwezi wa saba niifanyeje? Nimefikiria kuwasha jiko dogo la mkaa nusu saa kabla ya kulala, kisha nifunge vioo. Msomaji, Mafinga.

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo iliyonifanya niweke barua zingine pembeni. Usiingize jiko la mkaa kwenye gari. Si nusu saa, si dakika kumi, si hata likiwa limebaki majivu na makaa mawili.

Nimeishi kwenye Hiace miaka mitatu, nikiuza vitenge na mashuka minadani kuanzia Igawa hadi Ludewa. Mwaka wa kwanza, mwezi wa saba, niliegesha kwenye sheli moja Makambako. Upepo wa pale unaujua. Niliingiza jiko langu likiwa limeshakolea, makaa mekundu, moshi hakuna. Kwa kuwa hapakuwa na moshi nikaona ni salama, nikafunga. Kichwa kilianza kunibana kama nimefungwa kitambaa, nikajua ni uchovu wa mnada. Nikanyoosha mkono nichukue chupa ya chai, mkono ukaenda taratibu, kama si wangu. Hapo ndipo nilipoogopa. Miguu ilikataa kusimama. Niliuangukia mlango wa pembeni kwa bega ndipo ukafunguka, nikatapikia chini. Mlinzi alinikalisha kwenye upepo hadi kukakucha, asubuhi akanisindikiza zahanati.

Moshi ungekufukuza. Kinachoua ni hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inashika kwenye damu mahali pa oksijeni. Usingizi unakuja kabla hujajua kuna shida. Chumba chako cha Mafinga, hata kikiwa kidogo, kina hewa mara tatu ya ile iliyomo kwenye Hiace. Na wewe utakuwa peke yako, hakuna wa kukutikisa. Kila baridi ikishika huku kwetu nawawaza watu wanaoingiza jiko ndani ili wapate joto. Tafadhali, usiwe mmoja wao.

Joto la usiku tafuta kwenye blanketi mbili nzito, soksi, kofia, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, uiweke miguuni. Chupa hiyo ilinivusha usiku wa Njombe ambao alfajiri nilikuta majani meupe kwa sakitu.

Na vioo usivifunge vyote, hata nje kukiwa na barafu. Acha upenyo wa vidole viwili mbele, na mwingine juu kabisa kwa nyuma, uweke wavu wa mbu. Mtu mmoja akilala anatoa maji kwa pumzi na jasho, glasi nzima au zaidi hadi asubuhi. Bati la gari likiwa baridi, mvuke ule unapoa juu yake na kuwa matone. Mimi niliamshwa na tone lililonidondokea shavuni, nikadhani paa linavuja. Nikapanda kulikagua, lilikuwa kavu kabisa. Maji yalikuwa yangu mwenyewe. Nilipoinua godoro, upande wa chini ulikuwa na ukungu mweusi wa ukubwa wa sinia, na bunda la vitenge nililolisukumia uvunguni lilinuka kiasi cha kutouzika. Hasara hiyo ilitokana na godoro kulala juu ya ubao uliozibwa. Weka chaga, acha nafasi kati ya chaga na chaga, na godoro liinue kila asubuhi kama unavyokunja shuka.

Umeuliza sakafu au kuta. Anza na paa. Hewa ya joto inapanda, kwa hiyo paa ndilo linalotoa matone mengi, na yakidondoka yataharibu sakafu uliyokwisha kuilipia. Ila kabla ya mbao yoyote ingia ndani na tochi, mwenzako alimwagie gari maji kwa mpira robo saa nzima, paani, kwenye vioo na milango. Usione haya kukaa humo umechuchumaa, angalia kila kona. Daladala iliyopigwa na mvua za Mbeya miaka mingi haikosi kutu kwenye maungio ya paa na chini ya mazulia. Sugua kwa brashi ya waya hadi bati ling'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, ziba kwa silikoni. Ukifunika kutu kwa mbao nzuri inaendelea kula gari bila wewe kuiona.

Kwa mbao uko mahali penyewe, paini ya Sao Hill unaipata mlangoni. Nunua iliyokauka kweli. Mbichi itapinda na itakuletea maji mengine ndani. Chagua nyembamba, maana kila kilo unayoongeza utashuka nayo Mlima Nyoka, na breki ni zilezile. Madumu mawili ya lita 20 tayari ni kilo 40. Vizito vyote vikae chini, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na vifungwe kwa mkanda. Nyuma ya bati usijaze vipande vya godoro kuukuu kama nilivyofanya, vinanyonya maji kama sponji. Tumia yale mabapa meupe magumu ya povu yanayokuja na friji mpya.

Umeme sikufundishi, ni kazi yako. Naomba tu betri ya ndani uitenge na ya kuwashia gari.

Gesi ya mtungi pikia mlango ukiwa wazi, na usiku funga kwenye mtungi wenyewe. Ikivuja inashuka chini, haipandi, kwa hiyo sanduku la mtungi litoboe tundu la chini linalotokea nje. Maharage usiyachemshie humo. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 93, na mtungi utaisha maharage bado magumu. Ya kwangu nilikuwa nampa mama ntilie na hela yake kidogo, ananichemshia na ya kwake.

Choo changu kilikuwa ndoo yenye mfuniko na gunia la vumbi la mbao, ambalo kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga walinipa bure. Mkojo weka kwenye dumu lake. Vikichanganyika ndipo harufu inapoanza.

Kwa kulala, nenda kwenye sheli yenye mlinzi au uani kwa gesti kwa kulipia maegesho. Ukiwa kijijini, piga hodi kwa mwenyekiti kabla jua halijazama, ujitambulishe na useme utaondoka lini. Mimi hakuna aliyenifukuza, na mara nyingi nililetewa viazi. Kiti cha dereva kiwe kitupu kila usiku, uweze kuondoka bila kushuka. Na kila jioni mtumie ndugu mmoja ujumbe wa mahali ulipo.

Ukibadili rangi au matumizi ya gari, pitia TRA na kwa wakala wako wa bima kwanza.

Mbao usinunue leo. Toa viti, weka chaga na godoro tu, ulale humo wiki nne ukiwa kwenye kazi zako, hasa Njombe. Funguo ya chumba usiirudishe kwanza. Kila asubuhi pitisha kiganja kwenye paa, kisha chini ya godoro, uandike ulichokikuta na wapi. Ukimaliza hizo wiki nne niandikie tena, tupange pamoja mbao ya kwanza ikae wapi.