Waliniita mzushi, nikaenda kulitafuta neno lenyewe

Wiki iliyopita dada mmoja kaniandikia ujumbe mrefu. Ana milango miwili mbele yake: chuo cha uuguzi alichoomba mwenyewe, na kazi dukani kwa mjomba ambayo ukoo mzima umeshaipitisha. Swali lake lilikuja mwishoni: "Kaka, nifunge siku ngapi ili Mungu anichagulie?"

Siku ile nilimjibu kwa ufupi kwamba uuguzi alishauchagua alipojaza fomu. Hata hivyo jibu fupi halitoshi, na mimi jambo hili lina historia nami.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja. Wazee walikubaliana niende chuo cha uchungaji. Mtu kashazungumza na mtu, harambee ishatangazwa, na mimi napewa hongera na watu barabarani kabla sijaambiwa lolote. Nilipowaeleza kwamba nimepata nafasi ya kusoma isimu chuo kikuu na huko ndiko niendako, kikao kilinyamaza. Kisha mzee mmoja, ninayejitahidi kumheshimu mpaka leo, akasema: "Huu sasa ni uzushi." Jumapili yake neno likarudi kwenye matangazo, bila jina langu, ila shingo zote zilijua pa kugeukia. Nyumbani nako mama akanimalizia: mchagua nazi hupata koroma.

Miaka ya chuo naiacha, kila mwenye kusoma kwa kuungaunga anaijua. Nitasema tu kwamba nilijiandikisha kozi ya Kigiriki ambayo hakuna aliyenilazimisha, na humo nikakutana na *hairesis*.

Hilo ndilo neno ambalo Biblia yetu ya Muungano inaliita uzushi. Linatokana na kitenzi chenye maana ya kutwaa. Mtu akijitwalia, amechagua. Kwa Wagiriki wa kale lilikuwa neno la kawaida: uchaguzi, msimamo, kundi la wenye fikra moja. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, analitumia kwa Mafarisayo, Masadukayo na Waesene bila kumtukana mtu. Sisi tunasikia uzushi na moja kwa moja tunawaza kuzua, kutunga kitu kisichokuwapo. Mgiriki alisikia mkono unaochukua.

Paulo mwenyewe liligeuzwa rungu juu ya kichwa chake. Fungua Matendo 24:14, pale anapojitetea mbele ya liwali Feliki: anamwabudu Mungu wa baba zake kwa Njia ile ambayo wenzake "waiita uzushi". Sikiliza hilo "waiita". Nami nililisikia, nikafunga kitabu, nikacheka peke yangu maktaba. Na katika Waebrania 11, Musa anapokataa kuitwa mwana wa binti Farao na kuona afadhali kuteswa pamoja na watu wa Mungu, kitenzi cha Kigiriki kilichotumika ni cha ukoo uleule. Kwa lugha ya kikao chetu, Musa naye alizusha.

Sitadanganya kwamba neno lilibaki safi. Ndani ya Agano Jipya lenyewe limeshaanza kuchacha: 2 Petro 2 inazungumzia uzushi wa kupoteza. Na karibu mwaka 200 Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo na Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, alieleza wazi kwamba wazushi wameitwa hivyo kwa sababu ya kuchagua, na kwamba Mkristo hana ruhusa ya kujichagulia mafundisho. Baadaye mwenyewe akajiunga na Wamontano, ambao kanisa liliwakataa. Hapo sina la kuongeza.

Sasa kwa upande wa Kiebrania. Kitenzi *bahar*, kuchagua, mara nyingi zaidi mtendaji wake ni Mungu: anachagua Israeli, si kwa wingi wao (Kumbukumbu 7:7), anamchagua Daudi, anachagua mahali. Ndiyo maana dada yangu anataka kufunga. Kasikia mahubiri mengi ya wateule. Lakini kitenzi hichohicho ndicho kilichopo Kumbukumbu 30:19: "basi chagua uzima". Aliyetuchagua anatuamuru tuchague. Ukikaa unasubiri uchaguliwe kile ulichoamriwa uchague wewe, unyenyekevu huo una walakini.

Tena chagua kwa akili. Lutu aliinua macho, akaona bonde la Yordani lina maji kila mahali, akajichagulia, akaishia kupiga hema karibu na Sodoma. Alitazama maji, majirani hakuwatazama.

Na ile Yoshua 24:15 iliyoko kwenye kalenda ya kila sebule, watu wanaisoma nusu. Agizo la kuchagua linawahusu wale watakaoona vibaya kumtumikia BWANA: hao ndio wachague kati ya miungu ya ng'ambo ya Mto na ya Waamori. Watu wanapopaza sauti kwamba watamtumikia BWANA, Yoshua anawakatiza: "Hamwezi." Wakishikilia, ndipo anawaambia wamekuwa mashahidi juu ya nafsi zao. Kwa hiyo ndugu, kabla hujachagua tafuta mtu wa kukwambia huwezi. Ukibaki na neno lako baada ya hapo, chagua. Mimi nilipata wa kuniambia hivyo kikao kizima, bure.

Kiswahili chetu nacho kina hazina. Hiari imetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa heri. Istikhara, sala ya Kiislamu ya kumwomba Mungu lililo heri, ni ya mzizi huohuo, na mafundisho yake yanaanza na mtu aliyekwisha kukusudia jambo. Anaswali rakaa mbili akiwa na nia mkononi. Majirani zetu Waislamu wa pwani wanalijua hili. Sisi tunakwenda mlimani mikono mitupu tukitaka nia ishuke kutoka juu. Omba, ndiyo! Ila kwanza useme unataka nini. Chagua, kisha uombe, kisha usimame na ulichochagua hata matangazo ya Jumapili yakikusema.

Na ninyi wazazi, walezi, wazee wa usharika, someni barua kwa Filemoni. Ina sura moja, haichoshi. Onesimo alikuwa mtumwa, Paulo alimhitaji abaki naye, na anasema wazi kwamba anao ujasiri wa kumwagiza Filemoni. Hakuagiza. Aliandika barua kuomba, ili wema wa Filemoni usiwe wa kulazimishwa bali wa hiari. Mtume alimuuliza mwenye mtumwa. Mimi kuhusu maisha yangu sikuulizwa. Ningeulizwa, huenda leo ningekuwa mchungaji wenu.