Mafua yanamlaza mume wangu mimi yananipita, ni kinga?

SWALI: Daktari, tuko Langoni, Lamu. Mafua yakiingia nyumbani mimi siku mbili nimeamka, mume wangu (miaka 58, anavuta sigara) anakohoa wiki mbili. Dukani wamempa vidonge vya kupandisha kinga, wanasema wanaume kinga yao ndogo. Ni kweli?

JIBU: Dada, ni nusu kweli, na hio nusu ndio inauza dawa. Kuna jeni inaitwa TLR7, kazi yake ni kutambua virusi kama vya mafua na Covid, iko kwenye kromosomu X, nyinyi wanawake mnazo X mbili sisi wanaume moja. Kawaida ile ya pili huzimwa, lakini jeni hii kwenye baadhi ya seli hukataa kuzimika, kwa hivyo mwanamke anawahi kutoa interferoni, zile protini za kupiga kelele kwamba virusi vimeingia. Testosteroni nayo hupoza kinga. Hio ni sababu mojawapo ya wanaume kufa zaidi na Covid, sigara na kuchelewa hospitali ni nyingine.

Sasa hili la "kupandisha", hapa Malindi naulizwa kila uchao na linanichosha! Wengi waliozidiwa na Covid kinga yao haikuwa chini, ilichelewa halafu ikapitiliza ikaharibu mapafu yenyewe. Na nyinyi wenye kinga kali mnailipia, wagonjwa wa lupasi, ule ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wake yenyewe, karibu 9 kati ya 10 ni wanawake. Kwa hivyo huyo muuzaji anapandisha nini hasa, na kaipima kwa kipimo gani?

Mimi naletewa bahasha za kaki, vidonge vinne vitano havina jina, ukivichunguza kuna antibayotiki, ambayo kwa virusi haifanyi kitu, na dexa, yaani deksamethasoni, dawa ya steroidi. Dexa inashusha kinga jamani! Mtu anameza asubuhi, jioni homa imetulia anakula biriani, anamsifu aliyempa, na sukari inapanda kimyakimya. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha dexa iliokoa wagonjwa wa Covid waliokuwa kwenye oksijeni, wale wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Habbasoda na asali tieni kwenye chai mkipenda, bora msiniambie ni tiba.

Shemeji aache sigara, apimwe kifua na sukari maana kikohozi cha wiki mbili kila mara kwa mvutaji wa umri huo sikiiti mafua mpaka nimeona picha, na aulizie chanjo ya mafua. Akianza kuhema akiwa amekaa tu, au kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kikisoma chini ya 94, mpelekeni hospitali usiku huohuo, na hio bahasha mwende nayo.