Ekwalaiza ya sauti ya mwimbaji: ninunue ipi?

SWALI: Hujambo fundi? Nafundisha kwaya ya kanisa huku Umoja, Nairobi. Mikisa yetu ni ya analogi, chaneli 16, na kila chaneli ina kifundo cha kuhamisha masafa ya kati. Anayeongoza nyimbo husikika kama yumo ndani ya pipa, na tukimpandisha sauti, monita, yaani spika zinazomwelekea mwimbaji, zinapiga ukelele. Luthuli Avenue nimeona ekwalaiza (mashine ya kupandisha na kushusha besi na ukali wa sauti) ya parametriki iliyotumika. Kijana wetu mmoja anasema tutumie programu ya kompyuta. Unatushauri vipi?

JIBU: Sijambo, Mwalimu. Usilipe kwanza, maana hapo kuna shida mbili.

Hilo pipa, mara nyingi, ni mdomo kuwa karibu sana na maiki. Maiki nyingi za jukwaani huongeza besi kadiri unavyozisogelea. Jumapili hii washa kichujio cha besi cha chaneli yake, kama kipo, kisha peleka kile kifundo cha kati kwenye hezi 300 hivi (mitetemo 300 kwa sekunde) na upunguze desibeli 3 au 4. Huenda pipa likaisha bila senti kutoka.

Tatizo ni kwamba kifundo ni kimoja. Ukikitumia hapo chini, huna cha kutuliza ukali wa hezi 3,000, na upana wa mkato huwezi kuubadilisha. Ndipo parametriki inapofaa. George Massenburg alipoieleza mbele ya wahandisi wa sauti mwaka 1972, kila bendi, yaani kila sehemu ya masafa, ilikuwa na vidhibiti vitatu: masafa, kiasi na upana, yaani Q. Muuzaji akikuonyesha yenye viwili tu, hiyo si parametriki kamili, hata kibandiko kiseme nini. Tafuta bendi nne, kichujio cha besi kinachosogea angalau kati ya hezi 80 na 150, na kitufe cha kuipita (sauti ipite bila kuguswa) ili ulinganishe. Unapolinganisha, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti. Sikio hudanganyika, lenye kelele zaidi huliona zuri.

Geuza pia nyuma usome volti. Mashine nyingi za Marekani ni za volti 120, na umeme wetu ni 240. Isiyo na swichi ya kubadilisha itakufia mkononi.

Ichomeke kwenye insati (tundu la kuunganishia kifaa cha nje) ya chaneli ya kiongozi, si kwenye njia kuu ya kutokea. Huko utamkatia na mpiga kinanda asiye na kosa. Kwa sauti yenyewe tumia Q pana, 1 hadi 2; namba ikiwa ndogo, mkato huwa mpana.

Ukelele wa monita ni habari nyingine. Anza na mahali zilipo: maiki ya kadioidi (inayosikia zaidi mbele yake) husikia kidogo zaidi nyuma yake kabisa, kwa hiyo monita ikae hapo. Ya superkadioidi (inayosikia mbele kwa wembamba zaidi) hutaka monita ya pembeni kidogo, kama digrii 120 kutoka mbele ya maiki. Ukelele ukibaki, ukate kwenye njia ya monita kwa Q nyembamba, 8 au zaidi. Ekwalaiza ya grafiki ya bendi 31, yenye vitelezi vya masafa yasiyosogea, huruka kutoka hezi 2,500 hadi 3,150. Ukelele ukiwa 2,800 itabidi ushushe zote mbili. Parametriki hutua palepale.

Ya kompyuta mwambie kijana asubiri. Sauti ikichelewa milisekunde 10 ni sawa na kuisogeza spika zaidi ya mita tatu, na mwenye vipokea sauti masikioni ataisikia sauti yake mara mbili. Halafu kompyuta igande katikati ya pambio!

Ningekuwa mimi, ningechangisha ninunue mikisa ya dijitali iliyotumika. Behringer X32, kwa mfano, ina parametriki ya bendi nne kwa kila chaneli ya kuingilia na ya bendi sita kwa kila njia ya monita. Mfuko ukigoma, chukua parametriki ya rafu yenye chaneli mbili: moja kwa kiongozi, nyingine kwa monita yake. Nenda Luthuli na maiki yenu wenyewe pamoja na huyo kiongozi, aimbie papo hapo dukani.