Jibu: Mavuno ya aspirini kuzidi asilimia 100

Ndugu wa Mbarara, umeuliza inawezekanaje gramu 2.00 za asidi ya salisiliki zitoe gramu 2.30 za aspirini, yaani mavuno ya asilimia 115. Umegawanya uzito wa zao kwa uzito wa malighafi, ilhali hesabu hii hupitia kwanza kwenye moli, kipimo cha idadi ya molekuli. Moli moja ya asidi hiyo ina gramu 138, na ya aspirini gramu 180. Kwa kuwa moli moja huzaa moli moja, na sentimita za ujazo 5 za anhidridi ya asetiki (malighafi ya pili) ulizotumia zilizidi mahitaji kwa mbali, asidi ndiyo inayoweka kikomo, na mavuno ya kinadharia ni 2.00 ÷ 138 × 180, yaani gramu 2.61. Gawanya 2.30 kwa 2.61, uzidishe kwa 100: asilimia 88.

Hata hiyo naitilia shaka kidogo, kwa maabara ya shule. Fuwele zilizolala usiku mmoja tu juu ya karatasi ya kuchujia, tena msimu huu wa mvua, bado zina maji, na mizani haibagui. Zikaushe tena, uzipime mpaka uzito usibadilike. Kisha yeyusha punje chache, udondoshee kloridi ya feri: ikigeuka zambarau, bado imo asidi ambayo haikumenyuka.